Saratani ya ngozi ya mguu: Kusini tuna haki ya kuuliza kabla ya kukatwa

Ukimwambia mtu wa Newala au Nachingwea kwamba donda la unyayo wake ni saratani, swali la kwanza huwa lilelile: mguu unakatwa? Akihisi jibu ni ndiyo, huaga vizuri, huchukua karatasi zake na haonekani tena kliniki. Anarudi miezi kadhaa baadaye donda likinuka, mtoki umejaa kinenani, na ndugu waliokuwa wakichanga nauli wamechoka. Wakati huo hata daktari bingwa hana mengi ya kuchagua.

Hofu hiyo tumezoea kuizungumza kama ujinga wa mgonjwa. Mimi naiona ni hesabu. Mkulima wa korosho hupalilia, hupulizia salfa, huokota korosho akiwa ameinama kutwa nzima, kisha hupeleka magunia ghala la chama cha msingi. Mvuvi wa Mikindani huingia majini kusukuma chombo. Mama wa Lindi mwenye shamba la mihogo na ufuta huenda na kurudi kwa miguu. Mtu wa namna hiyo ukimkata mguu juu ya goti, umemkata kazi, na watoto umewakata ada. Anapokataa, anajua anachokikataa.

Ndiyo maana nataka kutetea hoja moja ambayo wapangaji wa huduma za saratani huipita haraka: kuuokoa mguu ni tiba inayostahili bajeti yake yenyewe, hata pale ambapo haiongezi siku za kuishi. Na njia ya kuuokoa ipo. Ni tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, inayofungiwa ndani ya mguu au mkono peke yake, bila dawa kusambaa mwili mzima. Hapa Mtwara na Lindi haitolewi, na sitashangaa msomaji akiwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

Kwanza tuelewane ni saratani gani tunayoizungumza. Saratani ya ngozi inayotajwa sana redioni ni ile inayowapata ndugu zetu wenye ualbino, inayoletwa na jua, ambayo hushika zaidi uso, masikio, midomo na shingo. Kwao kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua, kama ile inayotengenezwa Moshi kupitia kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, ndiyo vita yenyewe. Tiba ninayoieleza leo inawahusu mara chache, maana dawa huzuiwa kwa kukaza mkanda juu ya mguu au mkono, na shingo haifungwi mkanda.

Kwa sisi weusi, saratani ya ngozi ya hatari zaidi, melanoma, hupenda mahali ambapo jua halifiki: unyayo, kisigino, kiganja, chini ya ukucha. Huanza kama doa jeusi au la kahawia lenye kingo zisizo sawa, linapanuka taratibu bila kuuma. Wakati mwingine ni mstari mweusi kwenye ukucha wa kidole gumba, unaozidi kuwa mpana hadi weusi unavuka na kupaka ngozi ya pembeni. Ipo pia saratani ya aina nyingine inayoota kwenye donda ndugu au kovu la moto lililokaa miaka mingi. Hiyo nayo hushika miguu.

Huku kwetu doa kama hilo lina maelezo mengi kabla ya kufika kwa daktari. Huyu atasema umechomwa na mwiba. Yule atasema umekanyaga kitu, yaani umetegwa, na utapelekwa kwa mganga achanje na kuweka dawa. Wanawake wanaobangua korosho kwa mkono wana sababu yao ya haki: utomvu wa ganda la korosho huunguza ngozi na kuacha vidole na viganja vyeusi. Lakini weusi wa korosho hukaa juujuu, huenea mikono yote miwili, na hubanduka pamoja na ngozi msimu ukiisha. Doa moja lililobaki Machi wakati sehemu nyingine yote ya mikono imetakata, na linazidi kukua, linahitaji kukatwa kinyama kikapimwe.

Hapo kwenye kinyama ndipo pa kutilia mkazo, kwa sababu melanoma iliyowahiwa haihitaji tiba yoyote ya kisasa. Daktari wa upasuaji hulitoa doa pamoja na ngozi nzima inayolizunguka, sentimita 1 hadi 2 kutegemea unene wake, akaziba pengo kwa ngozi ya paja. Unene huo hupimwa kwa milimita, kwa utaratibu uliopendekezwa na Mmarekani Alexander Breslow mwaka 1970, na mpaka leo ndio unaotabiri mengi kuhusu mgonjwa. Doa lenye unene chini ya milimita 1 na lenye milimita 5 ni kama magonjwa mawili tofauti.

Shida inaanza pale saratani inapokuwa imetoka kwenye doa la kwanza na kuingia katika njia za maji ya mwili. Kabla haijafika kwenye tezi za kinena huweza kukwama njiani, ikaota vinundu vyeusi chini ya ngozi: kimoja juu ya kifundo, vingine vitatu kwenye muundi, baadaye kumi na zaidi kuelekea gotini. Hali hii huwapata kama wagonjwa 5 hadi 10 katika kila 100 wenye melanoma. Ukikata vinundu viwili vinaota vinne. Ukitoa dripu za kawaida za tibakemia, melanoma ni kaidi kwa dawa hizo, na dozi ambayo ingeishinda ingemuua mgonjwa kwanza kwa kuharibu uboho unaotengeneza damu. Zamani jibu la hali kama hiyo lilikuwa msumeno.

Mwaka 1957, katika Chuo Kikuu cha Tulane mjini New Orleans, madaktari Oscar Creech na Edward Krementz walimpokea mzee wa miaka 76 ambaye mguu wake ulikuwa umejaa vinundu vya melanoma. Walitaka kuukata, mzee akakataa. Mashine ya moyo na mapafu ilikuwa bado ngeni. John Gibbon alikuwa ameitumia kwa mafanikio kwenye upasuaji wa moyo miaka minne tu nyuma, mwaka 1953. Creech na Krementz wakaitumia kwa mguu. Waliutenga mzunguko wa damu ya mguu na wa mwili, wakaunganisha mshipa mkubwa wa kuingiza damu na wa kutoa damu kwenye mashine, wakazungusha humo ndani peke yake dawa ya tibakemia iitwayo melphalan. Vinundu vikatoweka. Yule mzee aliishi hadi miaka 92. Nimeieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu wagonjwa wetu wanaokataa kukatwa huandikwa kwenye faili kuwa ni wakaidi, na tiba nzima hii ilizaliwa kwa sababu mgonjwa mmoja alikataa na madaktari wakamsikiliza.

Mbinu ilikua. Miaka ya 1960 madaktari wa Italia na Marekani waliongeza joto, kwa sababu seli za saratani huvumilia joto kidogo kuliko seli nzima. Siku hizi mguu huwekwa kwenye nyuzi 38 hadi 40. Kiasi cha dawa hakipimwi kwa uzito wa mgonjwa, hupimwa kwa ujazo wa mguu wenyewe: kwa njia hii ya mashine ni miligramu 10 za melphalan kwa kila lita ya mguu na 13 kwa kila lita ya mkono. Ujazo unaweza kupatikana kwa kuuzamisha mguu kwenye chombo cha maji na kupima maji yaliyopanda. Kwa kuufunga mguu hivi, ndani yake hufika dawa yenye nguvu mara 15 hadi 25 ya ile ambayo mwili mzima ungeweza kuihimili. Ndiyo faida yake yote, na ndiyo hatari yake pia. Ikivuja kwenda mwilini, uboho unaungua. Kwa hiyo huwekwa chembechembe kidogo za mionzi kwenye damu ya mguu na kifaa juu ya kifua cha mgonjwa, kikisoma mionzi hiyo moyoni wanajua kuna kuvuja.

Hiyo ndiyo njia kubwa. Ni upasuaji wa saa kadhaa, unaohitaji mtaalamu wa mashine ya moyo na mapafu, damu ya kuongeza na chumba cha wagonjwa mahututi. Ingekuwa ndiyo pekee nisingeandika makala haya, kwa sababu ningekuwa nawapa watu tamaa ya kitu cha mbali.

Lakini miaka ya 1990 mwanzoni, John Thompson na wenzake wa kituo cha melanoma cha Sydney, Australia, walijiuliza kama mashine inahitajika kweli. Wakaja na njia nyepesi. Mgonjwa hulazwa usingizi. Daktari wa radiolojia hutoboa tundu dogo kinenani upande wa mguu usio na ugonjwa, akapitisha mirija miwili myembamba, mmoja kwenye mshipa wa kuingiza damu na mwingine kwenye wa kutoa, akiisukuma huku akiitazama kwenye skrini hadi ncha zifike karibu na goti la mguu mgonjwa. Mguu hupashwa joto kwa blanketi. Mkanda wa hewa, wa aina ileile ya kupimia presha ila mpana na imara zaidi, hufungwa kwenye paja na kujazwa mpaka damu isipite. Kisha dawa inaingizwa. Mtu mmoja anavuta damu kwa bomba la sindano kutoka mrija mmoja na kuirudisha kwa mrija wa pili, anavuta, anarudisha, kwa dakika 20 hadi 30. Damu ya mguu inaishiwa oksijeni, na kwa bahati njema melphalan hufanya kazi vizuri zaidi katika hali hiyo. Mwisho mguu unasuuzwa kwa maji ya dripu kama lita moja, maji yale yanamwagwa, mkanda unalegezwa. Hakuna mashine ya moyo wala damu ya kuongeza, na ikihitajika tiba hurudiwa.

Matokeo yake ni madogo kuliko ya njia kubwa, na lazima yasemwe wazi. Kwa njia kubwa vinundu hutoweka kabisa kwa nusu hivi ya wagonjwa. Kwa njia nyepesi, ripoti za Australia na Marekani zinaonyesha vinundu hupungua au hutoweka kwa wagonjwa kati ya 64 na 84 katika 100, na kutoweka kabisa kwa takriban theluthi. Mguu wenyewe haupiti salama bila maumivu. Hugeuka mwekundu, huvimba, ngozi yaweza kutoa malengelenge na kubanduka. Kwa wachache misuli huvimba ndani ya ala zake hadi daktari alazimike kupasua kuipunguzia shinikizo, na mara chache sana mguu uliokuwa unaokolewa huishia kukatwa. Mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa ya mguu imeziba hafai kufanyiwa. Mwenye matende, ugonjwa tulio nao sana ukanda huu, nami ningetaka madaktari wamtafakari mara mbili, kwa sababu mguu ule tayari hauna pa kupitishia maji yake.

Na kubwa kuliko yote: tiba hii haijathibitika kurefusha maisha. Jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa mwaka 1998 liliitoa kama kinga kwa watu waliokwisha kuondolewa melanoma nene, na halikukuta nyongeza ya uhai. Saratani ikishafika mapafuni au kwenye ini, kuufunga mguu hakutaigusa huko.

Wapo watakaosema basi, kama haiongezi maisha, fedha ziende kwingine. Hoja hiyo ina uzito mahali ambapo mtu aliyekatwa mguu anapewa mguu bandia unaomfaa, kiti cha magurudumu kwenye barabara ya lami, na posho. Bibi wa Kitangari mwenye njia ya mchanga kati ya nyumba na kisima hana hata kimoja. Kwake miaka miwili ya kutembea na miaka miwili ya kukaa mkekani si miaka sawa, hata kama daftari la takwimu linaziandika sawa. Donda linaloacha kutoa maji na harufu linamrudisha pia msikitini, kanisani na kwenye shughuli za watu. Nimewaona wagonjwa waliojitenga wenyewe kwa aibu ya harufu. Ukiwauliza wanachotaka, hawataji urefu wa umri.

Wapo pia watakaosema wenzetu wameanza kuiacha. Ni kweli kwa sehemu. Tangu mwaka 2011 zimekuja dawa zinazoamsha kinga ya mwili dhidi ya melanoma, ugunduzi uliowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel ya mwaka 2018, na zimebadili ugonjwa huu kuliko kitu chochote kilichotangulia. Shirika la Afya Duniani liliziingiza mbili, nivolumab na pembrolizumab, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Palipo na dawa hizo, madaktari huanza nazo, na tibakemia ya mguu husubiri waliogoma kupona. Lakini dawa hizo hutolewa kila baada ya wiki kadhaa, kwa miezi, kwa bei ambayo bima nyingi za huku hazijaweza kuibeba. Tena melanoma ya unyayo, ambayo ndiyo yetu, huitikia dawa hizo kwa udhaifu kuliko ile ya Wazungu inayoletwa na jua. Tusijipangie huduma kwa kutazama kile ambacho mtu mwenye ugonjwa tofauti na mfuko tofauti amekiacha. Melphalan ni dawa ya zamani, ya kampuni zaidi ya moja, na kwa njia ya Sydney hutolewa kwa siku moja, ikarudiwa pale tu inapohitajika.

Vifaa? Nchi ina karibu kila kitu, ila viko kwenye majengo tofauti. Mashine za moyo na mapafu na mtambo wa Cathlab, wa kupitishia mirija kwenye mishipa, vipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Muhimbili ina madaktari wa tiba radiolojia, ambao kupitisha mirija kwenye mishipa ndiyo kazi yao ya kila siku. Taasisi ya Saratani Ocean Road ina madaktari wa saratani, famasia inayojua kuchanganya dawa hizi, na tiba ya nyuklia. Kinachokosekana ni timu moja kukubaliana kwamba Alhamisi fulani watamfanyia mgonjwa fulani. Wala nisingependa kuona Mitengo, kwenye Hospitali yetu ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, wakianzishiwa jambo hili sasa. Wagonjwa wanaolihitaji kweli ni wachache, na mkono unaofanya mara mbili kwa mwaka hauwi mwepesi. Kituo kimoja Dar es Salaam kinatosha nchi nzima.

Kazi ya Kusini ni nyingine, na haihitaji mtambo. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Mgonjwa akipanda basi alfajiri bila jibu la kinyama, atafika kuambiwa akasubiri jibu la kinyama, alale kwa ndugu Mbagala wiki mbili tatu, nauli ya kurudi iishe. Wengi huja kwa fedha za mnada wa korosho, na fedha hizo hazikai. Kinyama kikatwe kwenye hospitali za huku, Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au Mkomaindo, kiwekwe kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kisafiri chenyewe, na mgonjwa abaki nyumbani mpaka jibu lipatikane. Chupa ya sampuli haihitaji mahali pa kulala.

Tena manesi wa huku wamezoea sana kukagua miguu, kwa sababu ya ukoma, matende na sasa kisukari. Tayari wanamwambia mgonjwa, "Shikamoo bibi, naomba uvue ndala nitazame unyayo." Wanaangalia ganzi, wanaangalia nyufa na vidonda. Waongezewe jambo moja tu la kuangalia, doa jeusi linalokua au ukucha mweusi usio na historia ya kugongwa, na waambiwe ni nani wa kumpigia simu wakiliona. Wakati huohuo wakataze kwa ukali kulikwangua kwa wembe au kuliunguza kwa maji ya betri, kwa sababu likishachokonolewa hata mtaalamu wa maabara hupata tabu kusoma unene wake.

Mgonjwa wa kupelekwa kwa tiba hii ajulikane mapema: vinundu vingi kwenye mguu au mkono mmoja, haviwezi kukatwa vyote, picha ya kifua na kipimo cha tumbo ni safi, mishipa inapiga vizuri kwenye kifundo. Mwenye doa moja apelekwe kwa upasuaji wa kawaida wiki hiyohiyo, asicheleweshwe na habari za Sydney. Na yule ambaye saratani imeenea apewe dawa ya maumivu ya kutosha, morfini ikiwemo, karibu na kwao. Mguu wake ukibidi kukatwa kwa sababu unatoa damu au umeoza, ukatwe baada ya kuelezwa njia nyingine zote na kwa nini hazimfai. Kukatwa kunakotanguliwa na maelezo watu hukukubali zaidi ya tunavyodhani.

Baada ya tiba kazi inarudi Kusini. Mguu unahitaji mazoezi ili goti na kifundo visikakamae, unahitaji kupimwa uvimbe kwa futi ya cherehani, na vinundu vinaweza kurudi. Mgonjwa aonekane kila baada ya miezi mitatu. Hilo linaweza kufanywa na tabibu wa kituo cha afya, akapiga picha ya mguu kwa simu, akaituma Dar es Salaam, na bibi akarudi Kitangari siku hiyohiyo kabla jua halijazama.